Msimamizi wa mifumo ameondoka, seva inadai tarakimu 48: kosa ni la nani?

#1 Mhasibu wa Enterprise Road (Jumanne, saa 2:40 asubuhi)

Habari za asubuhi, wanajukwaa.

Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya kusambaza bidhaa za nyumbani hapa Industrial Area, Nairobi, yenye wafanyakazi wapatao sitini. Kwa miaka sita tulikuwa na msimamizi wa mifumo mmoja tu. Aliandika barua ya kuacha kazi, akatumikia siku zake 28 za ilani, akaagwa kwa soda na keki Ijumaa ya mwisho, na Jumatatu akaanza kazi kwingine. Hayo yalikuwa majuma matatu yaliyopita.

Jana alasiri stima ilipotea kwa saa mbili hivi. Iliporudi, seva yetu, ambayo hukaa chini ya ngazi karibu na mtungi wa maji ya kunywa, iliwaka ikaonyesha skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuona ufunguo huo wala kusikia habari zake. Ndani ya seva hiyo mna hesabu za stoo, madeni ya wateja na mishahara. Kodi ya PAYE, ile inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 9, na leo ni tarehe 3. Ankara tunaziandika moja moja kwenye tovuti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato, na foleni ya malori yanayosubiri mzigo imefika langoni.

Nimempigia kijana huyo simu mara tano. Alishika mara moja, akasema yuko mkutanoni na kwamba kila kitu kimo katika hati ya makabidhiano. Hati hiyo hatuioni. Mkurugenzi anasema hii ni hujuma na anataka kumpeleka polisi. Meneja wa rasilimali watu anasema yeye alipokea kitambulisho cha kazi, kipakatalishi na kadi ya lango, na kwamba fomu yake haina mahali pa nywila. Mimi ninaulizwa kwa sababu eti kitengo cha mifumo kilikuwa chini ya uhasibu. Ninachotaka kujua ni hiki: katika mambo ya namna hii kosa huwa la nani, na nyinyi huko kwenu mmelipangaje?

#2 Fundi wa Luthuli (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)

Pole sana. Mjadala wa kosa hautakimbia, kwa hiyo kwanza tuiokoe seva.

Skrini hiyo ni ya BitLocker, kinga ya Windows inayoisimba diski ili mwizi akiichukua mashine asiweze kuisoma. Siku za kawaida ufunguo hutunzwa na kijichipu cha usalama kilichomo kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, nacho huutoa chenyewe kila mashine inapowaka, mradi kione kwamba mipangilio ya msingi haijabadilika. Kikiona badiliko hukataa, na hapo ndipo unapodaiwa zile tarakimu 48, yaani mafungu manane ya tarakimu sita sita. Kwa hiyo mimi siulizi ni nani aliyeondoka, ninauliza ni kitu gani kilichobadilika stima ilipopotea.

Naomba unijibu mambo matatu: mashine ina umri gani, ilikuwa na UPS (betri ya akiba ya kuishikilia stima ikipotea) au haikuwa nayo, na ukiingia kwenye mipangilio ya awali kabla Windows haijawaka, saa inaonyesha tarehe gani? Na tafadhali, mtu akikushauri ukifute kijichipu hicho au usakinishe Windows upya, mwoneshe mlango.

#3 Wakili wa Upper Hill (Jumanne, saa 3:31 asubuhi)

Mkurugenzi wako ana sheria ya kushika, ingawa sidhani kama inamfikisha anakotaka. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kinamtaka mfanyakazi, kwa kutegemea makubaliano yaliyomo katika mkataba wake, aachilie nywila na haki zote za kuingia kwenye mifumo ya mwajiri mara tu ajira inapokoma, na asiyefanya hivyo hupatikana na kosa la jinai. Waajiri wengi hawajui kwamba kifungu hicho kipo, na wafanyakazi ndio hawajui kabisa.

Lakini soma neno lenyewe. Kuachilia ni kutoa kilichoko mkononi mwako. Ikiwa kijana huyo aliandika hati, akaipeleka kwa mtu aliyepaswa kuipokea, na mtu huyo hakuifungua, basi mahakamani atasema aliachilia, na nyinyi ndio hamkupokea. Kabla ya kwenda polisi, tafuteni barua pepe aliyoituma.

#4 Msimamizi Mstaafu (Jumanne, saa 4:18 asubuhi)

Ninamuunga mkono Wakili, kwa sababu mimi niliwahi kuwa kijana huyo.

Niliacha kazi katika taasisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Niliandika hati ya kurasa 31, yenye mchoro wa nyaya, tarehe za kuisha kwa leseni na mahali nywila zilipo. Nilimpelekea mkubwa wangu aitie sahihi, akaniambia niiache mezani. Juma la pili niliikuta pale pale, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kikombe cha chai. Siku ya mwisho niliomba mtu yeyote akae nami nusu saa nimwonyeshe vitu vilipo, na kila niliyemuuliza akajibu kwamba yeye si mtu wa kompyuta. Miezi miwili baadaye walinipigia nikiwa matangani Murang'a wakitaka nywila ya rauta. Niliwasomea herufi moja baada ya nyingine huku nikisogea mbali na hema kwa sababu sala ilikuwa imeanza. Juma lililofuata walipiga tena, wakitaka nywila ile ile.

Kwa hiyo nikisikia mtu ameondoka na nywila zote, huwa ninauliza ni nani aliyekataa kuzipokea.

#5 Mwenye Duka la Vipuri (Jumanne, saa 4:50 asubuhi)

Mzee wangu hapo juu amesimulia vizuri, lakini niruhusuni niseme upande wa sisi wakurugenzi, maana humu tunazungumziwa kana kwamba hatupo.

Nina duka Kirinyaga Road na matawi mawili. Niliyekuwa nimemwajiri kusimamia mifumo alikuwa hodari, lakini kila kitu alikifanya kiwe siri. Ukimuuliza kitu anakujibu kwa maneno ambayo hata yeye mwenyewe anajua huyaelewi. Nilipomletea mwanafunzi wa kumsaidia, alimpa kazi ya kubadilisha wino wa printa miezi mitatu mfululizo. Jina la tovuti yetu alikuwa amelisajili kwa barua pepe yake binafsi, na lilipokaribia kuisha muda ndipo nilipogundua kwamba wakala anamtambua yeye kama mwenye mali. Huyo hakukosa mtu wa kumkabidhi. Alikuwa amejijengea ukuta ili asiweze kufukuzwa, na wapo wengi wa namna hiyo katika jiji hili.

#6 Msimamizi Mstaafu (Jumanne, saa 5:02 asubuhi)

Mkubwa, nani aliyempa pesa za kulisajili jina hilo, na risiti iliandikwa kwa jina la nani?

#7 Mwenye Duka la Vipuri (Jumanne, saa 5:09 asubuhi)

Alilipa kwa simu yake nikamrudishia. Nimeelewa unakonipeleka.

#8 Kijana wa Mawingu (Jumanne, saa 5:40 asubuhi)

Mbona hakuna aliyetaja kisa cha San Francisco? Mwezi Julai 2008 msimamizi wa mtandao wa serikali ya jiji hilo, Terry Childs, alikataa kuwapa wakubwa wake nywila za vifaa vya mtandao mkuu. Alikamatwa, na mwishowe akazikabidhi kwa meya mwenyewe, Gavin Newsom, aliyemtembelea gerezani. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Kinachofanya kisa kile kiwe kigumu ni kwamba mtandao haukuzimika hata siku moja. Uliendelea kufanya kazi barabara, ila hakuna mwingine aliyeweza kuusimamia. Utetezi wake ulikuwa kwamba kanuni za usalama hazikumruhusu kuzitaja nywila hizo mbele ya watu wasiostahili, na hadi leo wapo wasimamizi wanaosema alionewa.

Pia, Mhasibu, kumbuka kwamba mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuwa mishahara ni data binafsi. Faini ni milioni 5.

#9 Wakili wa Upper Hill (Jumanne, saa 6:15 mchana)

Nisahihishe mawili. Saa 72 za kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhusu data iliyofikiwa au kuchukuliwa na mtu asiyeruhusiwa, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data. Hapa hakuna aliyeingia, na shida yao ni kwamba hata wao wenyewe hawaingii. Pili, milioni 5 ndicho kikomo cha juu, na kwa kampuni hulinganishwa na asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ikachukuliwa iliyo ndogo.

Hata hivyo wasistarehe. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayetunza data binafsi awe na uwezo wa kuirejesha kwa wakati panapotokea hitilafu. Kwa hiyo swali la kuwauliza si kama wameripoti, ni kama wana nakala rudufu. Mhasibu hajalitaja jambo hilo hata mara moja, na ukimya wake unanitia wasiwasi.

#10 Mhasibu wa Enterprise Road (Jumanne, saa 7:30 mchana)

Ahsanteni. Ninajibu kwa mfululizo.

Kwa Wakili: nakala rudufu zipo, katika diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo kwa waya. Tumeichomeka kwenye kompyuta nyingine, nayo pia inadai ufunguo.

Kwa Fundi: mashine ilinunuliwa 2017. UPS ipo, lakini ilikuwa ikilia kwa mwezi mzima, na kwa kuwa dada wa mapokezi anakaa karibu na ngazi, mtu fulani alibonyeza kitufe cha kuinyamazisha. Saa ya mashine inaonyesha tarehe 1 Januari 2016.

Kwa wote: ninakiri kwamba aliyeinyamazisha ni mimi.

#11 Mpwani Nairobini (Jumanne, saa 7:44 mchana)

Kengele imelia mwezi mzima, ukaiziba mdomo, kisha unauliza kosa ni la nani? Mhasibu, wewe ungefaa kuandika tamthilia.

Na wewe Fundi, hicho "kijichipu" umekizaa wapi? Kwetu Mombasa mtoto hupewa jina siku ya saba.

#12 Fundi wa Luthuli (Jumanne, saa 8:10 mchana)

Mpwani, nipe jina bora nami nitalitumia. Mpaka hapo kitabaki kijichipu.

Mhasibu, hiyo tarehe 1 Januari 2016 ndiyo habari njema ya kwanza katika uzi huu. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi lakini pana zaidi, yenye maandishi CR2032. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya awali mashine inapokosa umeme. Yenu imekufa, pengine muda mrefu, lakini hamkujua kwa sababu seva haikuwahi kukosa umeme kabisa. UPS iliishikilia kila stima ilipopotea. Safari hii UPS nayo ilikuwa imechoka, ndiyo maana ilikuwa ikilia. Mashine ilipozimika kabisa, mipangilio ikarudi ilivyotoka kiwandani, kijichipu kikaona mashine ngeni, kikafunga mlango. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipolala gizani, nilipata kazi tano za namna hii katika juma lililofuata.

Betri utaipata kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana. Zima mashine, chomoa waya, badilisha betri, weka saa na tarehe sahihi, kisha rudisha mipangilio ya uwashaji ilivyokuwa, hasa ile ya uwashaji salama (Secure Boot). Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike kwenye karatasi kila unachogusa, na ujaribu kuwasha. Mipangilio ikirudi kama ya awali, kijichipu kinaweza kuutoa ufunguo chenyewe bila kudai tarakimu. Ninasema kinaweza, sikuahidi.

#13 Mkaguzi wa Mifumo (Jumanne, saa 10:20 jioni)

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Kazi yangu ni ukaguzi, na ninaona mnabishana juu ya siku ya mwisho ya kazi, ilhali siku hiyo ilikuwa imechelewa tayari kwa miaka sita.

Mhasibu, niambie: huyo kijana aliwahi kwenda likizo? Sheria ya ajira inampa kila mtu siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na mimi nikiingia katika ofisi yoyote sianzi na seva, ninaanza na daftari la likizo. Mtu wa mifumo ambaye hajaenda likizo kamili kwa mwaka mzima ni dalili. Ama anaficha kitu, ama hakuna mwingine anayejua kitu, na kwa kampuni matokeo ni yale yale. Jaribio rahisi kuliko yote ni kumpeleka nyumbani majuma mawili simu yake ikiwa imezimwa, kisha kuandika kila kitu kilichokwama. Karatasi hiyo ndiyo hati yenu ya makabidhiano, na mtaipata akiwa bado mwajiriwa wenu, si baada ya keki.

Wasimamizi wengi huchukulia nywila kama mali ya fundi. Nywila ni kama ufunguo wa stoo: fundi huutumia, lakini mwenye stoo ndiye anayejua idadi ya funguo zilizopo na ni nani amebeba kila mmoja. Anayehitaji mishahara ilipwe ni nyinyi uhasibu. Mfumo wa mishahara ni wenu, na yeye alikuwa akiwatunzia.

#14 Mhasibu wa Enterprise Road (Jumanne, saa 10:41 jioni)

Likizo zake tulikuwa tukizinunua kila Desemba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika malipo hayo, na nilidhani tunamfanyia hisani.

#15 Kijana wa Mawingu (Jumanne, saa 2:15 usiku)

Ninakubaliana na Mkaguzi, na mfano mkubwa kuliko yote ni ile kampuni ya sarafu za kidijitali ya Kanada, QuadrigaCX. Mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifariki India mwezi Desemba 2018 akiwa peke yake mwenye nywila, na pesa za wateja zikafungiwa humo milele.

#16 Mkaguzi wa Mifumo (Jumanne, saa 2:52 usiku)

Mfano huo unausimulia nusu, ndugu. Wakaguzi walipofuatilia waligundua kwamba hazina zile zilikuwa tupu tangu kabla ya kifo chake, na mwaka 2020 mamlaka ya masoko ya mitaji ya jimbo la Ontario ikahitimisha kwamba ulikuwa ulaghai. Hadithi ya nywila iliyopotea ilikuwa pazia. Ndiyo sababu mimi nikiambiwa nywila imepotea, huuliza pia kama kilichomo ndani kipo. Simshtaki kijana wa Mhasibu; ninasema tu kwamba maswali hayo mawili huenda pamoja.

#17 Fundi Nyaya (Jumatano, saa 1:20 asubuhi)

Kuhusu diski ya nakala rudufu iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo, mnapaswa kumshukuru Mungu kwamba ni betri tu iliyokufa. Angekuwa ni mdudu wa kompyuta wa kufunga mafaili, diski hiyo ingeliwa siku hiyo hiyo pamoja na seva.

Mwezi Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa na NotPetya, mdudu wa namna hiyo. Nakala za mafaili walikuwa nazo, lakini seva zinazotunza orodha ya watumiaji na haki zao, zipatazo 150 duniani, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zikafutwa kwa pamoja. Iliyosalia ilikuwa moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu wakati huo umeme wa huko ulikuwa umekatika. Mtandao wa pale ulikuwa mwembamba mno kutuma data yote hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria kuikabidhi diski kwa mwenzake aliyeipeleka London. Kampuni ile ikasimamisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku zipatazo kumi.

Kwa hiyo sisi tunaolaani kukatika kwa stima tuweke akiba ya maneno.

#18 Mpwani Nairobini (Jumatano, saa 1:58 asubuhi)

Basi Mhasibu ampelekee mkurugenzi wake habari hiyo: kule stima iliokoa kampuni, huku imeifunga.

#19 Msimamizi Mstaafu (Jumatano, saa 3:10 asubuhi)

Mkaguzi (#13), ninakubali habari ya likizo, lakini umeruka jambo moja. Mara nyingi mtu haendi likizo kwa sababu kila akiomba, anaulizwa ni nani atakayebaki. Anayeuliza hivyo ndiye anayekataa kuajiri wa pili. Mwenye Duka amesema kweli kwamba wapo wanaojenga ukuta, lakini wapo pia wanaojengewa.

#20 Mwenye Duka la Vipuri (Jumatano, saa 3:26 asubuhi)

Na mshahara wa huyo wa pili utatoka wapi, mzee? Mtu wa pili katika duka langu ni faida ya miezi minne. Mkinipa njia ambayo haihitaji kuajiri, nitaifuata.

#21 Mkaguzi wa Mifumo (Jumatano, saa 4:00 asubuhi)

Ipo, na haihitaji mtu wa pili anayejua kompyuta. Weka bahasha mbili zilizotiwa lakiri, moja katika sefu ya ofisi na nyingine benki au kwa wakili wako. Ndani yake weka funguo za kurejeshea diski, nywila ya msimamizi mkuu, na jina la wakala aliyekusajilia tovuti. Kila kitu kisajiliwe kwa barua pepe ya cheo, wala si ya mtu. Kila miezi mitatu bahasha ifunguliwe mbele ya watu wawili, nywila ijaribiwe kwenye mashine yenyewe, kisha bahasha mpya ifungwe na kuandikwa tarehe. Watu huruka hatua ya kujaribu. Nimefungua bahasha nyingi katika kazi hii, na nyingi zilikuwa na nywila iliyokwisha kubadilishwa zamani.

#22 Mhasibu wa Enterprise Road (Ijumaa, saa 11:25 jioni)

Samahani kwa kimya cha siku mbili.

Jana nilikwenda mwenyewe Luthuli Avenue kununua betri. Leo mchana mpwa wa mkurugenzi, anayesomea uhandisi, alifuata maelezo ya Fundi hatua kwa hatua huku mimi nikiandika. Jaribio la kwanza, baada ya kubadilisha betri na kuweka saa, skrini ya buluu ilibaki. La pili, tulipobadilisha mpangilio wa kuwasha kutoka ule wa zamani kwenda ule mpya, bado. La tatu, tuliporudisha uwashaji salama, skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao sisemi ulikuwa mrefu kiasi gani, maana niliacha kupumua. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ukatokea ukurasa wa kuingilia wa kawaida, na nywila ya mfumo wa mishahara, ambayo mimi ninayo, ikakubaliwa. Fundi, Mungu akubariki. Mishahara nimeichapisha yote kwenye karatasi.

Sasa sikilizeni. Kwenye kabrasha la pamoja la uhasibu, ndani ya seva hiyo hiyo, kuna faili linaloitwa "Makabidhiano toleo la 3". Lina kurasa 22. Ukurasa wa 4 una tarakimu zote 48 za seva, na chini yake za diski ya nje. Ukurasa wa mwisho unasema kwamba nakala imetumwa kwa barua pepe ya meneja wa utawala. Meneja huyo aliacha kazi mwezi mmoja kabla ya kijana, na kisanduku chake cha barua hakikuwahi kufunguliwa na mtu mwingine.

#23 Mpwani Nairobini (Ijumaa, saa 11:31 jioni)

Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba. Nimenyoosha mikono.

#24 Wakili wa Upper Hill (Ijumaa, saa 12:05 jioni)

Aliachilia, basi. Mkurugenzi aikunje barua ya polisi, na kama cheti cha utumishi cha kijana huyo kimezuiliwa ili kumshinikiza, apewe, kwa kuwa ni haki yake kisheria kwa namna yoyote alivyoondoka.

#25 Mwenye Duka la Vipuri (Ijumaa, saa 12:40 jioni)

Mimi bado sijaridhika. Mtu mwenye ujuzi wa miaka sita anajua kwamba ufunguo wa seva hauwekwi ndani ya seva. Anajua pia kwamba meneja ameondoka, maana yeye ndiye angemfungia akaunti. Hati alituma ili aonekane ametuma.

#26 Msimamizi Mstaafu (Ijumaa, saa 1:15 usiku)

Au aliandika matoleo matatu, akachoka kutafuta msomaji. Jina lenyewe la faili linakuambia kwamba la kwanza na la pili hayakufika popote.

#27 Fundi wa Luthuli (Ijumaa, saa 1:30 usiku)

Mimi ninashtaki UPS. Mhasibu, betri zake zibadilishwe Jumatatu, na usiizime tena seva hiyo kabla ya kunakili tarakimu zile kwa mkono na kuzihakiki mara mbili.

#28 Mkaguzi wa Mifumo (Ijumaa, saa 2:10 usiku)

Nikuongezee kazi, Mhasibu. Kabla hamjasahau machungu ya juma hili, pitia mambo yaliyo nje ya seva: barua pepe iliyosajiliwa katika iTax, yaani tovuti ya kodi, msimamizi wa akaunti ya eTIMS, na hasa jina la anayesimamia namba yenu ya Paybill, ile ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu. Seva ikifungwa mnakosa taarifa. Paybill ikishikwa na mtu asiyekuwepo, pesa zinaingia na hamwezi kuzitoa.

#29 Mhasibu wa Enterprise Road (Ijumaa, saa 2:48 usiku)

Nimeangalia sasa hivi kwa simu. Ya iTax ni yangu. Ya eTIMS ni ya kijana. Ya Paybill imeandikwa jina la karani aliyeolewa akahamia Kitale mwaka 2021, na ninaona kwamba pesa tumekuwa tukizitoa miaka hii yote kwa nywila yake. Je, kuna anayejua mchakato wa kubadilisha jina hilo huchukua siku ngapi?

#30 Fundi Nyaya (Ijumaa, saa 2:55 usiku)

Fungua uzi mpya kwa hilo, Mhasibu. Huu umejaa.